Kidevu cha Dada Evarista

Dada yangu Evarista ana ndevu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Si ndevu za beberu. Ni nywele kama arobaini hivi, nyeusi na ngumu, zilizoota chini ya kidevu na kushuka kidogo shingoni. Zilimwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, kama zilivyomwanza shangazi yetu mkubwa kabla yake. Shangazi alizaa watoto saba, akazika mume, akalima mahindi Kalenga mpaka uzeeni, na sikuwahi kusikia kwamba nywele zile zilimzuia kufanya chochote. Ila shangazi aliishi kijijini, kati ya watu wenye kazi za kufanya.

Evarista alijifunza ushonaji Ipogolo, Iringa, pale barabarani chini ya mlima, na mikono yake ilikuwa mizuri. Sketi za kwaya ya parokia alizishona yeye. Alipokuwa na miaka ishirini na saba akaja kuposwa na Vitus Mwambene, mwuza simu kutoka Mbeya, kijana mwenye sura ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisifia. Wakafunga ndoa kanisani, wakahamia Soweto, Mbeya, kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na kwa mama yake Vitus. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapangiwa kufundisha shule ya msingi huko huko Mbeya, kwa hiyo niliyaona mengi kwa macho yangu, na mengine dada alinisimulia baadaye, akikunja uso.

Vitus hakujua kuhusu zile nywele. Miaka miwili ya ndoa, hakujua. Dada aliamka kabla yake, akaingia bafuni, akanyoa gizani bila maji, maana maji yangesikika yakimwagika. Alitumia kiwembe kile kile kwa miezi. Alivuta ngozi kwa vidole ili ikaze, kisha akanyoa kwa kupandisha kutoka shingoni kuelekea kidevuni, kinyume na nywele zinavyolala, ili kisibaki hata kisiki. Hapa sitamtetea. Mwanamke aliyeweza kukata suti ya kiume bila karatasi ya vipimo alikuwa anajinyoa kama mtu anayekwangua masizi kwenye sufuria.

Kidevu kikaanza kuvimba. Vikatokea vipele, vigumu kama punje za mtama, vingine vyenye kichwa cheupe, vinavyowasha mchana kutwa. Akavitumbua kwa sindano ya cherehani. Palipotumbuliwa pakaacha doa jeusi, na pembeni yake kikaota kipele kingine. Akaanza kujifunga mtandio mpaka shingoni, akisema ni baridi. Mbeya baridi ipo, hakuna aliyemshangaa.

Kilichofuata kilianza na uvivu wa Vitus. Kiwembe chake kilivunjika mpini mwezi wa sita, katika ile wiki ambayo Mbeya maji ya bomba yanauma meno. Badala ya kwenda dukani, hatua hamsini, akapapasa juu ya dirisha la bafu, akakuta kingine nyuma ya kopo la dawa ya choo. Hakuuliza ni cha nani. Akanyolea, akakirudisha. Kesho yake akanyolea tena. Naye alikuwa na desturi zake mbaya: maji ya baridi, hakuna sabuni, na kila shavu kulipitia mara nne mpaka ling'ae, kwa sababu alikuwa ameshawishika kwamba mteja hanunui simu kwa mtu mwenye ndevu. Wenzake watatu katika safu ile ile ya vibanda walikuwa na ndevu kama misitu, na walimzidi mauzo.

Baada ya wiki tatu uso wa Vitus ulikuwa kitu cha kusikitisha. Shingo yote ilikuwa na vipele, na chini ya taya vilikuwa na usaha. Hapo ndipo Soweto nzima ilipogeuka kuwa madaktari. Jirani mmoja alimwambia apake spiriti. Akapaka, akapiga kelele, akaambiwa kelele ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Mwingine akasema limau, kwa sababu limau linakausha. Lilikausha kweli, ngozi ikapasuka pembeni ya mdomo. Fundi mmoja wa redio, ambaye sijui alisomea wapi magonjwa ya ngozi, akamshauri apake dawa ya meno alale nayo. Akalala nayo. Asubuhi alitoka na uso mweupe uliokakamaa kama ukuta uliopigwa chokaa, na vipele vyote viko pale pale, vimekasirika zaidi.

Hakuna hata mmoja aliyemwambia aache kunyoa. Lingekuwa jambo rahisi mno, na wala lisingempa mshauri heshima yoyote.

Mama yake Vitus alikuwa na maelezo yake. Alikuja siku moja kufua mapazia, akakiona kile kiwembe, akakigeuza geuza mkononi. Mpini wake ulikuwa wa rangi ya waridi. Akakaa na jambo hilo siku nne, kisha akaenda kwa shemeji yake, Mzee Ezron, akamwambia kwamba mkamwana anaficha wembe bafuni, kwamba anamnyoa mtoto wake usingizini, na kwamba nywele anazipeleka kunakojulikana. Mzee Ezron alikuwa mtumishi wa reli aliyestaafu na alipenda sana kuongoza vikao. Akaitisha kikao Jumapili baada ya misa. Upande wa kwetu wazazi walikuwa mbali Iringa, nikaitwa mimi.

Tulikaa sebuleni kwa Mama Vitus, kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Kiwembe kilikuwa mezani, juu ya sahani, kama kipande cha nyama. Vitus alikaa karibu na mama yake, taulo shingoni.

Mzee Ezron akafungua kwa sala, kisha akasema, "Mkamwana, tumekuita kwa upendo. Hiki kifaa unakijua?"

"Nakijua, Baba Mkubwa."

"Ni cha nani?"

"Changu."

Mama Vitus akapumua kwa nguvu na kumtazama shemeji yake, mtazamo wa mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa, mwanangu," Mzee Ezron akaendelea taratibu, "mwanamke anatafuta nini na wembe wa kunyolea?"

Dada alikitazama kiwembe pale kwenye sahani. Nilijua anachokifikiria. Angeweza kusema ni wa kunyolea kwapa, na mazungumzo yangeisha kwa aibu ndogo. Nilimtazama, nikitamani aseme hivyo. Badala yake akafungua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka mapajani.

"Nanyolea ndevu," alisema.

"Ndevu za nani?"

"Zangu, Baba Mkubwa. Hizi hapa."

Mzee Ezron aliinama kidogo mbele, akatazama, kisha haraka akageukia kalenda ya ukutani kana kwamba kuna tarehe ameikumbuka. Vitus alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Nilijua," Mama Vitus akasema.

"Ulijua nini, Mama?" dada akamwuliza.

"Kwamba kuna kitu."

"Kipo. Ni nywele. Kwetu zipo, shangazi yangu alikuwa nazo, na nilizificha kwa sababu nilidhani nitachekwa. Kwa hilo naomba radhi kwa mume wangu, sikupaswa kumficha." Kisha akamgeukia Vitus. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na mimi naomba kuuliza. Kiwembe hiki nilikiweka nyuma ya kopo la dawa ya choo. Wewe kimekufikiaje usoni?"

"Nilikikuta."

"Ukakifanya nini?"

"Nikanyolea."

"Siku ngapi?"

Vitus akashika taulo. "Wiki kama tatu."

"Kwa hiyo hukunyolewa usingizini. Ulijinyoa mwenyewe, umesimama, macho wazi, kwa kiwembe cha rangi ya waridi ambacho hukuuliza ni cha nani. Na mlipoulizana nyumbani hapa ni nani kakuloga, ulikaa kimya."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kimya wiki nzima, mama yake akimchafua mkewe kwa majirani, naye akijua wazi kwamba mkono uliopitisha ule wembe ni wake. Nimefundisha watoto wa darasa la pili miaka kumi na miwili, na wengi wao wana ujasiri kuliko huo.

Mzee Ezron akakohoa, akaamua kwamba Jumatatu wote wawili waende zahanati. Mama Vitus akasema hospitali hawajui mambo haya. Mzee akamjibu, kwa uchovu, "Shemeji, mambo gani tena? Si umesikia?"

Zahanati tulienda watatu. Tabibu alikuwa mama mmoja wa makamo anaitwa Frida, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na foleni nje ilikuwa ndefu. Aliwakalisha kwenye benchi moja, akawatazama kidevu kwa kidevu kwa kutumia tochi ya simu.

"Mnatumia wembe mmoja?"

Wakaitikia.

"Na mswaki je, mnachangia?"

Vitus akasema hapana, kisha akaona maana yake.

Mama Frida aliwaeleza kwa maneno machache, na nimeyakumbuka mpaka leo kwa sababu ndiyo maneno pekee yenye akili niliyoyasikia mwaka ule kuhusu jambo hilo. Alisema nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa ya ngozi, ncha inabaki kali kama mwiba, na inapoota inapinda na kurudi kuchoma ngozi ile ile ilimotoka. Mwili unaiona kama mwiba mgeni, unavimba kuizunguka. Hicho ndicho kipele. Ukinyoa kinyume, ukivuta ngozi, ukinyoa pakavu, ukitumia wembe butu, unazidisha. Na wembe wa watu wawili unahamisha wadudu kutoka mchubuko mmoja kwenda mwingine, na hapo ndipo usaha unapotokea. Kuna magonjwa makubwa zaidi ya usaha yanayopita njia hiyo, alisema, na akawapima wote wawili siku ile ile. Walikuwa salama.

Kwa dada aliuliza pia kama siku zake zinakwenda sawa, na kama nywele zilikuja ghafla. Zilikuja polepole, na siku zake zilikuwa sawa. "Basi ni za ukoo," akasema. "Zingekuja ghafla, au siku zako zingevurugika, ningekupeleka hospitali ya mkoa."

"Dawa yake, daktari?" Vitus aliuliza. "Sindano hakuna?"

"Wewe nakuandikia vidonge kwa ajili ya usaha. Kipele hakina sindano. Acheni kunyoa mwezi mzima, wote wawili. Asubuhi na jioni kitambaa safi, maji ya uvuguvugu, mkande dakika kumi. Mkiona unywele umejikunja chini ya ngozi, mnauinua ncha tu, msiung'oe. Msitumbue. Spiriti, limau, dawa ya meno, vyote mwisho leo."

"Mwezi mzima?" Vitus akauliza.

"Nani alikwambia ndevu ni magugu?" Mama Frida akasema, na akaita mgonjwa mwingine.

Kwa mwanaume, mwezi bila kunyoa ni mwezi tu. Kwa dada yangu ulikuwa ni kutembea na ndevu katika mtaa ambao mama mkwe alikuwa ameshautangazia kila kitu. Wiki ya kwanza alijifunga mtandio. Ukamkwaruza, jasho likajaa ndani, vipele vikazidi. Akauvua. Akaenda sokoni Mwanjelwa na kidevu chake mchana kweupe, mimi nikiwa pembeni nikitamani ardhi inimeze, jambo ambalo silioni fahari hata leo.

Mwuza nyanya mmoja alimtazama, akamgusa mwenzake, kisha akasema kwa sauti, "Dada, hizo ni ndevu?"

"Ndiyo," Evarista akajibu. "Na hizo ni nyanya? Mbona zimeoza chini?"

Akaenda meza ya pili. Ndivyo alivyoupitisha mwezi ule. Watu walitazama, wengine walicheka, wapo waliomwita mjomba kwa nyuma. Lakini kicheko kinahitaji mtu anayeumia ili kiendelee, na yeye alikuwa ameacha kuumia pale sebuleni kwa Mama Vitus. Kufikia wiki ya nne vipele vilikuwa vimelala vyote. Yalibaki madoa, na madoa yakaanza kufifia.

Vitus alivumilia siku tisa. Alianza kusema ngozi inamwasha, kisha kwamba wateja wanamkimbia. Jioni moja, dada akichemsha maji ya kukandia, akaitoa sababu yenyewe.

"Tukitoka wote wawili hivi," alisema, "watu watasema tunafanana."

Asubuhi yake alinyoa. Mwanaume mzima aliogopa kuwa na ndevu kwa sababu mkewe anazo. Nimelifikiria hili mara nyingi na kila mara nalikuta dogo kuliko nilivyoliacha.

Usaha ulikuwa umeisha kwa vile vidonge, lakini vipele vikarudi. Sasa akanunua krimu kwa mchuuzi mmoja, ya kichupa kidogo kisicho na maandishi yanayosomeka. Wiki mbili uso ukalainika, ukang'aa, ukawa mwekundu kama wa mtu aliyetoka kuota moto, na Vitus akatembea akijishika mashavu, akisema ameona dawa ambayo wasomi wa zahanati wanaificha. Krimu ilipoisha, ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba kiasi kwamba jua la saa nne lilimuunguza. Vipele vilirudi na jamaa zao. Mama Frida angeweza kumweleza, kama angekwenda. Hakwenda. Alisema yule mama ana kiburi.

Mwezi wa kumi akaondoka kwenda Makongolosi kuuza simu kwa wachimbaji wa dhahabu. Alisema ni miezi miwili. Ulipoingia mwezi wa tatu tangu aondoke akatuma ujumbe wa maandishi, si hata kupiga: kwamba ameshauriana na mama, kwamba alifichwa jambo kubwa kabla ya ndoa, kwamba hawezi. Dada alinisomea ujumbe ule tukiwa jikoni kwake. Nikamwuliza atamjibu nini. Akaandika, "Sawa. Huko nunua kiwembe chako." Kisha akaenda chumbani, akafunga mlango, na nilimsikia akilia. Sitasema hakulia. Alimpenda yule mtu, na hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo siwezi kumsamehe Vitus, kwamba alipendwa kiasi kile akakitupa kwa hofu ya kidevu.

Alirudi Ipogolo na cherehani yake. Baba alikwenda kwa paroko kuhusu ile ndoa, na mambo hayo ya Kanisa yanakwenda polepole, bado yanakwenda. Dada alipanga chumba cha mbele barabarani, akaendelea kushona.

Sasa hivi ananyoa mara moja kwa wiki, Jumamosi, uani, kioo kikiwa kimetundikwa kwenye msumari. Namwona nikienda likizo. Anakanda kwanza kwa kitambaa cha moto mpaka nywele zilainike, anapaka povu la sabuni ya kuogea, anashusha kiwembe kufuata nywele zinavyolala, mkono mwepesi, bila kuvuta ngozi, na anapita mara moja tu. Ngozi haibaki laini kama yai. Kinabaki kivuli kidogo, na hajali. Akimaliza anakanda kwa maji ya baridi, na ya Iringa yanatosha, kisha anapaka ute wa mshubiri alioupanda kwenye kopo karibu na mlango. Kiwembe anakisuuza, anakianika, akikitumia mara nne au tano anakitupa. Jambo lenyewe linachukua muda wa kuchemka kwa chai. Nikikumbuka kikao, sahani, sala ya kufungulia, nashindwa kuelewa watu wazima tulikuwa tunafanya nini pale.

Vitus bado yuko Makongolosi. Walioonana naye wanasema amefuga ndevu, kubwa, na kwamba uso umetulia kabisa. Ilimchukua miaka mitatu kutii agizo la mwezi mmoja.

Wanawake walianza kuja kwa dada mwaka wa pili. Wanakuja na gauni lisilohitaji kurekebishwa, wanakaa, wanangoja wateja wengine watoke, kisha wananong'ona. Mimi ninazo chache hapa. Mimi kwapa zimeharibika. Mimi mume wangu hajui. Sikuwahi kujua wako wengi hivyo. Evarista hawabembelezi. "Sema kwa sauti," anawaambia, "cherehani inapiga kelele." Kisha anawaonyesha, na hawatozi kitu.

Mwezi wa nane uliopita, Ijumaa mchana, aliingia msichana anaitwa Eveline, amejifunika khanga uso mzima, mama yake nyuma yake akiwa karibu kuzimia. Harusi ilikuwa kesho yake, kanisa la Kilutheri mjini. Msusi mmoja alikuwa amemnyoa uso mzima kwa wembe mkavu ili vipodozi vikae, akampaka spiriti, na kwa kuwa haikutosha akamsugua na limau na chumvi. Uso ulikuwa mwekundu, umevimba, una vipele kuanzia masikioni mpaka shingoni.

"Nimeleta poda," msichana akasema. "Nataka tu unisaidie nizibe."

"Ukiziba kesho, Jumapili utakuwa na usaha," dada akamwambia. "Mume wako anakuoa wewe au anaoa poda?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Kisha watakula wali, watasahau. Mimi wamenisema Mbeya nzima, na wali hawakupewa."

Mama mtu akaanza kulalamika kwamba ukumbi umeshalipiwa. Dada alilowesha kitambaa kwenye maji ya baridi, akakikamua, akamwekea msichana usoni, akakibadilisha kila kilipopata joto, kwa saa nzima, huku pindo la suruali ya mtu likingoja. Akamkatia kipande cha mshubiri, akakijaribu kwanza nyuma ya sikio. Akamkataza poda, krimu, na mkono wa msusi yeyote.

Eveline aliingia kanisani Jumamosi akiwa na uso wake. Uvimbe ulikuwa umeshuka, wekundu ulikuwepo, vipele vilionekana kwa aliyekaa viti vya mbele. Bwana harusi alifunua shela, akatabasamu, mchungaji akaendelea. Walioenda kusengenya walisengenya mpaka wali ulipofika.

Wiki mbili baadaye walimletea dada picha ya ukumbusho. Mpiga picha alikuwa amemlainisha bibi harusi kwa kompyuta mpaka pua ilikuwa karibu kutoweka. Evarista aliishika kwa muda, akaigeuza upande wa dirishani penye mwanga, akauliza huyu ni nani. Walipomwambia, akawashukuru, akaiweka kabatini kati ya mabaki ya vitambaa, akarudi kwenye cherehani.